Zawadi za Wauza Vipimo na Amana ya Mtumishi wa Hospitali

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, na kuchapishwa hapa kwa ajili ya ndugu wasioweza kuhudhuria)



Tulipoulizwa tutasema juu ya nini, tulijibu ya kuwa jambo limekwisha kujichagua lenyewe. Mwajua nyote kwamba iko barua juu ya meza ya Mwandishi wetu. Imetoka kwa kampuni moja iuzayo mashine na dawa za kupimia wagonjwa, nayo yasema kwa maneno ya adabu sana ya kuwa kampuni ingependa kutulipia gharama zote za Mkutano Mkuu wa mwaka: ukumbi, chakula, nauli za wajumbe watokao wilayani, na mfuko wa zawadi kwa kila atakayehudhuria. Barua haikuomba kitu chochote. Hilo ndilo lililotufanya tuisome mara mbili.

Jina la kampuni hatulitaji, maana haijatenda kosa, wala hatukuja hapa kumhukumu mtu. Twataka kufikiri pamoja nanyi swali moja: mtu auzaye vipimo, na mtu avitumiaye kumpima mgonjwa, yawapasa kukaa pamoja kwa namna gani? Katika chama hiki wamo waganga, wauguzi, wapimaji wa maabara, makarani wa bohari, makarani wa hesabu, na wale wakaao katika kamati za zabuni. Hakuna hata mmoja wetu ambaye kalamu yake haigusi jambo hili.

KWA NINI KIPIMO SI KAMA BIDHAA NYINGINE

Mtu akienda sokoni kununua mchele, huutia kiganjani, akautazama, akatafuna punje mbili tatu. Akiona una mawe huuacha akaenda kwa muuzaji wa pili. Mgonjwa hana nafasi hiyo. Yeye hutoa kidole kikachomwa, akakaa juu ya benchi kungoja. Hajui mashine imetoka wapi, wala ni nani aliyeichagua, wala kwa sababu gani. Akiambiwa ana malaria humeza dawa, akiambiwa hana hurudi nyumbani. Mganga naye aghalabu haoni yaliyotendeka ndani ya mashine. Huona cheti tu, akakiamini. Basi watu hawa wawili, mgonjwa na mganga, wote wamemwamini mtu wa tatu ambaye hayupo chumbani: yule aliyeamua kwamba kipimo hiki ndicho kitakachonunuliwa.

Wala msidhani ya kuwa vipimo vyote ni sawasawa. Tangu mwaka 2008 hata mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na taasisi ya FIND ya Geneva na wataalamu wa Marekani, walivijaribu vipimo vya haraka vya malaria kwa mizunguko minane, wakatangaza matokeo kwa majina ya watengenezaji. Ilionekana wazi ya kuwa vipimo vilivyofanana sana kwa sura, vikiwa katika sanduku zinazofanana, havikufanana kwa kazi. Vingine viliweza kuonyesha ugonjwa hata vijidudu vikiwa vichache katika damu, na vingine vilishindwa. Karani aliyesoma taarifa zile aliweza kuchagua kwa hoja. Karani aliyechagua kwa sababu ya kitu alichopewa, alichagua kwa kubahatisha, na aliyebahatishwa ni mtoto wa mtu.

Hii ndiyo maana twauita uchaguzi wa kipimo amana. Amana ni mali ya mwingine iliyo mkononi mwako. Huwezi kuipokelea zawadi, kwa kuwa si yako ya kuuza.

FUNGU LA MIA

Sasa tutawaletea habari tatu za kweli, zilizothibitika katika mashauri ya serikali, ili mwone jinsi jambo hili linavyotembea duniani.

Habari ya kwanza yatoka nchi ya Uchina. Ilikuwako kampuni ya Los Angeles iliyoitwa Diagnostic Products Corporation, iliyotengeneza vifaa vya kupimia, nayo ilikuwa na kampuni yake ndogo katika mji wa Tianjin. Tangu mwaka 1991 hata mwaka 2002 kampuni hiyo ya Tianjin ililipa kiasi cha dola milioni 1.6 kwa waganga na watumishi wa maabara wa hospitali za serikali, kusudi hospitali zao zinunue bidhaa zake. Malipo yalifanywa kwa hesabu: asilimia 3 hata 10 ya mauzo. Katika vitabu yaliandikwa kama gharama za kawaida za kuuza. Mwezi wa Mei mwaka 2005 kampuni ya Tianjin ilikiri kosa mbele ya sheria ya Marekani ikatozwa faini ya dola milioni 2, na kampuni mama ikarudisha faida yake pamoja na riba, kiasi cha dola milioni 2.8.

Mabwana, angalieni mambo mawili. La kwanza ni lile jina, kamisheni. Kamisheni yenyewe si haramu. Wakala auzaye mali ya tajiri hustahili fungu lake. Lakini mtu hawezi kuwa wakala wa muuzaji na mwaminifu wa mnunuzi kwa wakati mmoja. Mpimaji yule alikuwa ameajiriwa na hospitali inunue vizuri, naye akajiajiri kwa siri ili muuzaji auze sana. La pili ni kwamba sheria iliyotumiwa ni ile ya mwaka 1977, inayokataza kampuni kuwahonga maofisa wa serikali za nchi nyingine. Mganga na mpimaji wa hospitali ya serikali walihesabiwa kuwa maofisa wa serikali. Basi asiseme mtu, "Mimi ni mtaalamu tu, mambo ya serikali hayanihusu." Mtumishi wa serikali ni mtumishi wa serikali, avae koti jeupe au ashike faili.

UJIRA WA KUSHIKA CHUPA

Habari ya pili ni ya Marekani kwenyewe. Katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, ilikuwako maabara iliyoitwa Health Diagnostic Laboratory, iliyopima damu kwa ajili ya magonjwa ya moyo. Serikali ilidai ya kuwa maabara hiyo pamoja na wenzake iliwalipa waganga kati ya dola 10 na dola 17 kwa kila damu waliyoileta. Malipo hayo hayakuitwa hongo. Yaliitwa ujira wa kutayarisha na kushika chupa za damu. Na kweli mtu husema, je, kazi si kazi? Chupa haiandikwi jina na nani? Haifungwi na nani?

Lakini hebu tufikiri kidogo. Ujira wa kazi haungeongezeka kwa sababu ya kupeleka damu kwa tajiri huyu badala ya yule, tena kazi ile ya kutoa damu ilikuwa na malipo yake katika bima ya serikali, dola 3. Mganga akilipwa kwa kila chupa, atatafuta chupa nyingi. Mgonjwa asiyehitaji kipimo atapimwa, tena vipimo vingi kwa pamoja, na hesabu ikapelekwa kwa bima ya wazee. Mwezi wa Juni mwaka 2014 ofisi ya ukaguzi ya wizara ya afya ya Marekani ilitoa onyo juu ya malipo ya namna hiyo. Mwezi wa Aprili mwaka 2015 maabara ile ilikubali kulipa dola milioni 47 kumaliza madai, na miezi miwili baadaye ikafilisika. Mwaka 2018 baraza la wananchi waliokaa kusikiliza kesi liliwaona mkuu wake wa zamani na mawakala wawili wa mauzo kuwa na hatia ya madai, wakaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 100.

Habari hii yatufundisha kuwa jina la malipo halibadili malipo. Hongo yaweza kuitwa ujira, posho, ushauri, kodi ya chumba, au gharama za utafiti. Swali ni moja tu: je, fedha hii ingalilipwa kama mimi nisingekuwa na uwezo wa kuchagua?

"NDIYO DESTURI YA HUKO"

Habari ya tatu ni ya kampuni ya Bio-Rad ya California, iuzayo vifaa vya uchunguzi. Mwezi wa Novemba mwaka 2014 ilikubali kulipa dola milioni 55 kwa serikali ya Marekani kwa mambo yaliyotendeka Urusi, Vietnam na Thailand. Kwa habari ya Vietnam, tume ya Marekani isimamiayo masoko ya hisa ilieleza ya kuwa tangu mwaka 2005 hata mwaka 2009 ofisi ya huko ilipitisha dola milioni 2.2 mikononi mwa mawakala, zikawafikia watumishi wa hospitali na maabara za serikali. Njia yenyewe ilikuwa hivi: wakala aliuziwa bidhaa kwa bei ya chini sana, naye akaziuza hospitali kwa bei kamili, na sehemu ya tofauti ikarudi katika mifuko ya wale walionunua. Mkuu wa ofisi alipoulizwa alijibu ya kuwa ndiyo desturi ya nchi, na kwamba wakiacha watapoteza asilimia 80 ya mauzo.

Ndugu zetu, maneno haya yalituumiza tulipoyasoma. Kampuni ya mbali yasema juu ya nchi ya watu wengine, "ndiyo desturi yao." Je, waliwauliza watu wa Vietnam? Walimwuliza mama aliyelipia kipimo kwa bei kamili? Desturi yao walioiona ilikuwa desturi ya watu wachache wenye sahihi. Nasi twajua hakika ya kuwa maneno kama hayo husemwa juu yetu pia katika vyumba tusivyoingia. Kila mmoja wetu apokeaye bahasha humpa msemaji yule ushahidi, akawafanya wote wasiopokea kuwa waongo.

Tena tazameni kwa makini ile tofauti ya bei. Fedha ya hongo haikutoka mfukoni mwa muuzaji. Ilikuwamo katika bei. Mnunuzi, yaani hospitali, ndiye aliyejihonga mwenyewe kwa fedha za wagonjwa. Wazee walisema, mla cha mwenziwe na chake huliwa.

MASHINE YA BURE

Sasa twageuka kutoka mambo ya mbali tukaja nyumbani, nasi hatuna budi kusema yaliyotupata wenyewe, maana si haki kunyoshea wengine kidole na kuficha mkono wetu.

Miaka mingi iliyopita tulikuwa karani wa bohari katika hospital ambayo hatutaitaja. Siku moja aliletwa bwana mmoja, mpole, mwenye maneno mazuri, kutoka kampuni ambayo pia hatutaitaja. Alileta habari ya mashine ya kuhesabu chembe za damu, ambayo hospitali ingepewa bila kulipa hata senti. Sharti lilikuwa kwamba dawa zake za kupimia, ambazo wataalamu huziita vitendanishi, zinunuliwe kwake tu kwa miaka kadhaa. Mapatano ya namna hii yako duniani kote, nayo si maovu kwa asili yake. Hospitali isiyo na fedha ya kununua mashine yaweza kuanza kazi mara moja. Lakini mashine nyingi za namna hii zimefungwa, yaani hazikubali dawa ya mtu mwingine. Ukiipokea mashine umeoa. Posa ilikuwa ya bure, lakini matumizi ya nyumba ni ya kila mwezi.

Tulitakiwa kuandika maoni juu ya bei ya dawa zile kwa miaka yote ya mapatano. Kabla ya kuandika, yule bwana alitupa saa ya mkono. Hakusema neno. Alisema tu ya kuwa ni ukumbusho wa urafiki. Tuliipokea, tukaivaa, tukaandika ya kuwa mapatano yanafaa.

Mwaka wa pili bei ya dawa ilipanda, kwa kuwa mapatano hayakuizuia. Fungu la hospitali halikupanda. Ikafika miezi mashine ikawa imefunikwa kitambaa katika pembe ya maabara, na wagonjwa wakapewa vikaratasi waende mjini wakapimwe kwa fedha zao. Wenye nauli walikwenda. Wasio na nauli hawakwenda. Tulikuwa tukiwaona langoni wakikikunja kile kikaratasi na kukitia mfukoni, wakashika njia ya kurudi kwao.

Hatuwezi kusema ya kuwa saa ile ndiyo iliyotufanya tuandike vile. Huenda tungaliandika hivyo hivyo bila saa, kwa ujinga wetu wa wakati ule. Lakini hatuwezi pia kusema ya kuwa siyo. Tumejiuliza mara nyingi, na jibu halipatikani, wala halitapatikana. Hiyo ndiyo gharama ya zawadi, ndugu zetu. Humwondolea mtu uwezo wa kuijua nia yake mwenyewe.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wako watakaosema, "Zawadi ndogo haina neno, kalamu na sahani ya wali havimnunui mtu mzima." Twajibu ya kuwa jambo hili limekwisha kuchunguzwa. Mwaka 2016 wataalamu wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya waganga zaidi ya 279,000, wakaona ya kuwa hata mlo mmoja wa chini ya dola 20 ulifuatana na mganga kuiandika zaidi dawa ya kampuni iliyomlisha. Uchunguzi ule ulikuwa wa dawa, si wa vipimo, wala haukuthibitisha ya kuwa mlo ndio sababu. Lakini moyo wa mtu ni ule ule. Asiyeguswa na sahani ya wali asingeendelea kupelekewa.

Wengine watasema, "Mishahara haitoshi, na mkono mtupu haulambwi." Juu ya mishahara hatuna ubishi, chama hiki kimeandika barua nyingi juu yake, na kitaandika nyingine. Lakini mtumishi akikubali kulipwa na muuzaji, amemwambia mwajiri wake ya kuwa hakuna haja ya kumwongezea. Twadai mshahara wa haki kwa mlango wa mbele. Tusikubali kulipwa kwa mlango wa nyuma.

Wengine nao watasema, "Bila makampuni hatutajifunza mashine mpya." Neno hili ni kweli, nasi twalikubali kwa moyo wote. Mtengenezaji ndiye ajuaye chombo chake, na mpimaji asiyefundishwa ni hatari. Hatusemi wauzaji na wataalamu wasikutane. Twasema wakutane mahali penye mwanga.

Na njia ipo. Makampuni yenyewe yameiweka. Chama cha Ulaya cha watengenezaji wa vifaa vya tiba na vipimo, kiitwacho MedTech Europe, kilitunga kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari mwaka 2017. Zawadi zimekatazwa, isipokuwa vitu vya bei ndogo vya kufundishia au vya kazi. Chakula kiwe cha kiasi, kifuatane na kazi, wala mke au mume au rafiki asilipiwe. Mtaalamu akiajiriwa kutoa ushauri, pawe na mapatano ya maandishi, haja ya kweli, malipo ya haki, na mwajiri wake ajulishwe. Na tangu tarehe 1 Januari mwaka 2018 kampuni za chama hicho haziruhusiwi kumlipia mtaalamu mmoja mmoja nauli na malazi kwenda katika mikutano ya elimu iliyoandaliwa na wengine. Zikitaka kusaidia elimu zatoa msaada kwa hospitali au chuo, na hospitali ndiyo ichaguayo nani aende. Kule Marekani sheria ya mwaka 2010 iliamuru watengenezaji wa dawa na vifaa waandikishe malipo wanayowapa waganga, na tangu Septemba mwaka 2014 yametangazwa katika daftari ambalo mtu yeyote aweza kulisoma.

Sheria zetu nazo hazikulala. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ya Tanzania Bara haikutaja fedha tu, bali manufaa ya kila namna. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2016, waliamuru kampuni ziwe na taratibu za kuzuia hongo, na mwenye madaraka ajuaye au ashukuye tendo la hongo atoe habari katika saa 24.

Mkiuliza, je, muuzaji hawezi kutenda wema wowote? Aweza sana. Mwaka 2012 bei ya kikasha cha kupimia kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert ilishushwa kutoka dola 16.86 hata dola 9.98 kwa nchi nyingi zenye kipato kidogo, kwa mapatano ya wazi yaliyosaidiwa na serikali ya Marekani na wafadhili wengine. Mwaka 2023 ikashushwa tena hata dola 7.97, baada ya watu wengi kupaza sauti. Hiyo ndiyo zawadi ifaayo. Haikumfikia karani mmoja, ilimfikia kila mwenye kukohoa. Basi muuzaji akija na mkono wake mkunjufu, tumwambie: tafadhali, itie zawadi yako katika bei.

TUFANYE NINI

Twaleta mbele yenu mambo matano, myatafakari, myapige kura mkipenda.

Kwanza, mwanachama yeyote mwenye sauti katika kuchagua, kununua au kupokea vipimo asipokee kwa muuzaji fedha, zawadi, wala safari. Kitu kikiletwa ofisini asipokuwapo, akirudishe kwa barua na nakala ibaki katika faili.

Pili, mwaliko wa mafunzo uende kwa mkuu wa hospitali, si kwa mtu. Mkuu achague aendaye kwa kazi yake, wala asiwe mtu yule yule kila mwaka.

Tatu, mashine ya bure isipokewe kabla ya kuandikwa hesabu ya miaka yote ya mapatano: bei ya dawa na mpaka wa kupanda kwake, matengenezo ni ya nani, na itakuwaje siku mapatano yatakapokwisha. Makarani wa hesabu, hii ni kazi yenu, na hakuna awezaye kuifanya vizuri kuliko ninyi.

Nne, mwenye ndugu, hisa, au kazi ya ushauri katika kampuni iliyoomba zabuni aseme mapema, atoke chumbani, na kutoka kwake kuandikwe.

Tano, mpimaji akiona kipimo kinadanganya, aandike na apeleke habari bila kuogopa, na chama kisimame nyuma yake. Twakumbuka habari ya kampuni ya Theranos ya California, iliyodai kupima mambo mengi kwa tone la damu. Miongoni mwa waliofichua kasoro zake walikuwamo wafanyakazi vijana wa maabara, Erika Cheung na Tyler Shultz. Walitishwa kwa mawakili, lakini hawakurudi nyuma. Mwaka 2022 mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11 kwa kuwadanganya waliotia fedha zao. Vijana wale hawakuwa na cheo. Walikuwa na daftari la matokeo, nao waliliamini.

JUU YA BARUA

Sasa twarudi kwenye barua. Twajua ya kuwa sanduku la chama ni jepesi. Twajua ya kuwa wajumbe wa wilaya za mbali walikosa kuja mwaka uliopita kwa ajili ya nauli, na kwamba kuikataa barua hii ni kuwaambia baadhi ya ndugu zetu wasije tena, au wajilipie. Hatusemi neno hili kwa wepesi. Lakini katika ukumbi ule watakaa wajumbe wa kamati za zabuni za hospitali nyingi, wakila chakula cha mtu ambaye mwezi wa pili ataleta zabuni kwao. Siku hiyo kila mmoja wetu atakuwa amevaa saa ile ile tuliyoivaa sisi.

Kwa hiyo twaomba Mwandishi ajibu kwa adabu ile ile iliyomo katika barua yao. Awashukuru kwa nia njema. Aseme ya kuwa chama kitagharimia mkutano wake kwa ada za wanachama, hata ikiwa chakula kitakuwa chai na mandazi na ukumbi utakuwa darasa la shule. Kisha awaambie ya kuwa, ikiwa wapenda kusaidia elimu ya wapimaji, waandikie hospitali, barua ya wazi, yenye nakala kwa Wizara.

Nasi wenyewe twaahidi mbele yenu kutoa nauli ya mjumbe mmoja wa wilaya kwa mwaka huu. Saa ile tuliyopewa haipo tena. Iliacha kufanya kazi zamani, na muuzaji hakuwapo wa kuitengeneza. Lakini deni lake twalikumbuka, na twapenda kuanza kulilipa.

Bwana Mwenyekiti, tumekwisha. Sasa twaliacha jambo hili mikononi mwenu.